Pindua Kiti

Chumba cha pili, Białystok, Julai.
Msimu wa cheri, msimu wa ngazi kuteleza.
Wa tano tangu asubuhi: Bwana Zenon,
kifundo cha mkono kimevimba, shati lina madoa mekundu
ambayo, ananihakikishia, si damu.

Nimekariri: kiganja chini, vidole vikunjwe kidogo,
bega na kiwiko viwe usawa mmoja na meza,
mwanga ubanwe karibu na ngozi, usimwagike ovyo.
Herufi ya risasi pembeni. Naweka ya kushoto.
Bi Halszka anakohoa.
Naweka ya kulia.

Picha ya kwanza inakubali.
Ya ubavu inakataa: mifupa miwili ya kigasha
ilipaswa kufichana, mmoja nyuma ya mwenzake,
nami nimeikuta inachunguliana kama majirani.
Nikaushika mkono niupindue.
Akafyonza hewa kati ya meno.

“Bogna,” Bi Halszka akasema, taratibu,
“mkono huo umeshapinduliwa vya kutosha leo.
Pindua kiti.”

Nikapindua kiti. Nikainua meza, upana wa vidole viwili.
Bega likashuka, mkono ukaja wenyewe
kama paka asiyeitwa.

Pete haikutoka, hata kwa sabuni.
“Miaka arobaini na mmoja,” alisema. “Imezoea.”
Nyuma ya kioo kizito nikabonyeza.

Kwenye skrini: ufa mwembamba, wa kikombe cha zamani,
na pete, nyeupe kuliko mfupa wowote,
inaelea, haijagusa kitu.

“Umevunjika?”
Daktari atakuambia, nikajibu, kama nilivyofundishwa,
nikampa kitambaa afute sabuni.