Kipya kwa Nani

Namba yake ni BG-14.
Kumi na nne, kwa kuwa kumi na watatu waliomtangulia
walikuwa wenyeji wa kawaida, wana majina vitabuni,
nikawamwaga kwenye ndoo ya klorini
bila hata kuwaaga.

Huyu alichelewa. Siku ya tisa, sahanini,
kikatokea kitone cha rangi ya ganda la chungwa,
kidogo kuliko nukta ya kalamu yangu,
kinang'aa kama kimelambwa.

Sasa naandika wasifu wake, na lugha ya wasifu haina huruma:
*Seli mfano wa fimbo. Hazina mkia. Huteleza.*
*Hukua kati ya nyuzi nne na thelathini na mbili.*
*Pasipo chumvi, hazikui.*
*Sukari ya miwa: hapana. Wanga: ndiyo.*
Hata agari, kitanda nilichomtandikia, anaitafuna,
sahani inabaki na vishimo
kama sweta lililopitiwa na nondo.

Chimbuko: *matope ya pwani, kusini mwa Korea.*
Sikuandika kwamba siku ile nilizama hadi mapajani,
kiatu kimoja cha mpira kikabaki chini (kipo mpaka leo),
na aliyenitoa ni Bi Pyo Geum-nye, miaka sabini na sita,
goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma tope,
beseni la kombe mbele yake.
Alinishika kwapani akaning'oa
kama anayeng'oa figili.

"Unatafuta nini huku?"
"Kiumbe kipya, Bibi. Hakionekani kwa macho."
Akacheka, kombe zikagongana beseni zima.
"Kipya kwa nani? Miaka hamsini nakipigia goti."
Kisha akauliza swali la mpishi:
"Kinakula nini?"

Bi Geum-nye, jibu liko kwenye Jedwali la Pili,
ila kwako naliweka hivi: kinakula kilichokufa.
Mwani uliooza. Maganda. Labda na jasho lako.
Kinaosha vyombo vya bahari
sisi tumelala.

Jamaa yake wa karibu wanafanana
kwa asilimia tisini na sita nukta moja.
Tatu nukta tisa ndiyo upweke wake wote.

Chupa moja imebaki hapa, ya pili imepelekwa Ujerumani:
kanuni yadai awe na makao katika nchi mbili
ndipo akubaliwe kuwa yupo.
Bi Geum-nye ana nyumba moja, na paa linavuja.

Nilitaka kumpa jina lako, nikalitia mkia wa Kilatini.
Ukakataa kwa simu: "Langu limeshaandikwa
kwenye daftari la madeni ya ushirika. Yatosha."
Basi nikafungua kamusi
nikatafuta neno *goti*.

Mhakiki wa pili anauliza:
kwa nini goti, ilhali seli zimenyooka?

Sijamjibu.
Kesho maji yanapwa saa kumi na moja alfajiri.
Nimenunua viatu vingine.