Dada Hakubisha Hodi

Chini ya duka la saa, Zurich,
kuna stoo iliyowahi kuuza jibini.
Harufu haijahama. Imekuwa mwanabendi wa nne.
Humo Sidonia Amrhein amejivika bomba la kadibodi
kuanzia shingoni hadi magotini;
hawezi kuketi, hawezi kujikuna pua,
na Köbi, mpiga ngoma, anamkunia.

Wanarekodi albamu.
Wamesoma habari za wale wa kale
walioimba upuuzi katika kilabu kidogo
huku ng'ambo ya mpaka mizinga ikiongea kwa ufasaha.
Mizinga ina sarufi, asema Sidonia,
mizinga haikosei ngeli.
Basi tukosee sisi.

Kwa hiyo gitaa limefungwa kijiko.
Urs amepaka wanja jicho moja tu;
la pili, anasema, kesho lina kazi benki.
Na wimbo wa sita hauna neno hata moja:

zumbari kafu, zumbari ke,
tutulu bimba nge nge nge

Mara ya kumi na tisa. Bado.
Upuuzi wao una adabu mno,
unapiga magoti ukisalimia,
unanukia sabuni.

Wale wa kale walijiita Dada.
Wapo waliodai jina hilo halina maana.
Kwetu linayo, tena limeshika kiuno.

Ndiye aliyeingia:
Mechthild, dada mtu, karani wa bima,
viatu vya theluji, sufuria ya supu ya shayiri.
Taa nyekundu hakuiona, au aliiona.
"Sidonia! Kodi ya miezi miwili
na wewe umo ndani ya bomba!
Mama alikulipia piano, akauza pete!
Na huyu anayekukuna ni nani?"
Mfuniko ukamponyoka, ukaanguka,
ukazunguka sakafuni
ngwa, ngwa, ngwangwangwangwaaa,
na Köbi, mikono ikijua kabla ya kichwa,
akaufuata.

Urs hakuzima mashine.

Usiku wa uzinduzi hakuna anayeutaka wimbo wa sita.
Watu mia mbili, nyuso zimepakwa chokaa,
wanangoja ule wa mwisho, kisha kwa pamoja:
KODI YA MIEZI MIWILI!
Wengine wamekuja na mifuniko.

Safu ya tatu, mkoba mapajani,
Mechthild haimbi.
Anahesabu vichwa,
anazidisha kwa bei ya tiketi,
anatoa kodi.
Inabaki ya shayiri.