Kizibo cha Soda

Mwalimu wa Glasgow ametupa kazi ya likizo:
chora familia yako. Mraba mwanamume,
duara mwanamke, mstari damu.
Vitone ni vya "mengineyo".

Nimeketi Kibokoni, karatasi juu ya sinia,
maduara nayapiga kwa kizibo cha soda.
Shangazi Mishi achambua mchele, achungulia.

"Kadzo umemweka wapi?"
Kwa vitone.
"Vitone! Mamako yu mahututi, siku arubaini
wanyonya kwa nani, kwa mwalimu wako?"
Nafuta. Nampa Kadzo mstari mzito,
na Kahindi wake mraba,
ndugu yangu wa kunyonya.

Mjomba Athmani, asiyesikia tangu utotoni,
ana alama yake vitabuni.
Shangazi haijui. Ajua tu kwamba arusini
humketisha ubavuni mwa ngoma
aiguse ngozi kwa kiganja, acheke kabla yetu.
Kurasa mia mbili za ujumuishi nimesoma;
ngoma hiyo haimo.

Nusura niishie hapo, nijisifie kwetu,
nipeleke karatasi safi, nipigiwe makofi.
Lakini penseli imebaki mkononi.
"Na yule wa Changamwe," nauliza,
"aliyezaliwa baba hajaoa?"

Mchele wasita ungoni.
Feni yazunguka. Yazunguka.
Shangazi atoa kijiwe kimoja, akitazama,
akitupa, atafuta kingine ambacho hakipo.

"Mchore basi," asema. "Lakini mdogo."

Shangazi,
kizibo ni hiki hiki kimoja.