Kwa Penseli

Muhula wa pili. Somo: Makuzi ya Binadamu na Familia.
Nina miaka arobaini na mmoja, nakaa dawati la mbele
kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya bidii.
Asubuhi nauza mitumba Memorial,
jioni nanakili ubaoni:
sifuri hadi mbili, mtoto hujifunza kuamini;
sita hadi kumi na mbili, mtoto hupenda michezo,
hujipima kwa wenzake.
Daftari langu linanuka dawa ya marobota.

Juma hili mafunzo kwa vitendo.
Madam Nambua katupeleka Pasua, kaya kumi kila mmoja,
na dodoso lenye visanduku vidogo
kama madirisha ya nyumba isiyohamiwa.

Kaya ya saba, mlango wa bati la bluu.
Masizi ya miwa yalikuwa yakidondoka toka kusini,
meusi, mepesi, yakitua juu ya nguo zilizoanikwa,
na msichana akiyapuliza moja moja.
Hakuyagusa. Ukiyagusa yanachora.
Nikajua papo hapo nani hufua nyumba hii.

Jina? Aikaeli.
Umri? Kumi na mbili, ikifika Desemba.
Mnaishi wangapi? Akahesabu kwa vijiko:
vinne, na kimoja kilichopinda, cha mama.

Mama yuko Taveta na vitunguu.
Alisema siku tatu.
"Zimekwisha?"
"Zilikwisha kabla ya Pasaka."

Nikafika kisanduku cha nne: Mkuu wa Kaya.
Kalamu ikagoma.
Kitinda mimba alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mdomo umejaa parachichi, ananikagua viatu.
Aikaeli akainama begani kwangu, akasoma
(anasoma vizuri; nililiandika hilo pembeni,
halina kisanduku),
akasema kama mtu anayeniazima kitu:
"Andika mimi. Lakini kwa penseli."

Sikuwa na penseli.
Akaingia ndani, akatoka nayo,
fupi kama jino la utoto, imetafunwa kisogoni,
akainoa kwa kisu cha mchicha.
Akasimamia herufi zote hadi ya mwisho.
"Usikandamize," akasema. "Isiache alama."

Nilitoa taarifa kwa afisa ustawi wa kata.
Naye akaandika, kwenye daftari kubwa,
akaniuliza kama kaya ya saba ndiyo ile ya bati la bluu.
Kumbe anaijua.

Leo dodoso limerudi.
Madam amezungushia duara jekundu:
*Fomu hujazwa kwa wino. Rudia.*
Alama mbili zimekatwa.
Sina ugomvi naye; kanuni ni kanuni,
na penseli kweli hufutika,
ndiyo maana ilichaguliwa.

Usiku nyumbani, mwanangu amelala chali,
miguu imevuka kitanda, umri ule ule,
hajui bei ya sukari.
Kalamu ya bluu iko mezani, dodoso jipya liko mezani.
Nimejaza jina la mtaa, nimejaza tarehe,
nimejaza maji, choo, aina ya paa.
Kisanduku cha nne nimekipita mara tatu
kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake.

Kesho nashuka tena Pasua.
Nitabeba wino, kama nilivyoagizwa,
na penseli yake, nimrudishie,
na kifutio kipya, bado kimo kwenye nailoni yake,
akitunze yeye
mpaka mtu fulani abishe hodi kwa sauti anayoijua.