Wimbo wa Saba

Bahasha ilikuja bila barua, Ryszard.
Jina langu tu, kwa mwandiko wako wa kuku,
na ndani santuri ya nyimbo tisa.
Jaladani hakuna joka, hakuna upanga,
hakuna malkia anayelia kwenye theluji.
Kiti tu. Kiti cha jikoni kwa mama yako, Bytom,
kile cha mguu uliofungwa waya.

Niliiacha juu ya friji siku nne.
Usinilaumu: mwenye kovu usidhani kapoa.
Niliungua kwa albamu ya kwaya ya watu sitini,
nikaungua kwa ile ya vinanda juu ya vinanda
mpaka gitaa likawa mgeni kwenye harusi yake,
na ile ya mwisho, uliyoipiga mbio
kama mtu anayemkimbia mdai,
vidole vinahema, moyo umekaa kitako.
Ngoma ikivuma sana hupasuka, ndivyo wasemavyo.
Yako haikupasuka. Ililegea,
na hilo ndilo lililoniuma.
Ukoo wenu maana yake msumari;
msumari ulipopinda, sisi wenzio tulitafuta koleo.

Usiku wa tano nikamaliza zamu,
nikaiegesha tramu yadini, nikazima taa za abiria.
Jagoda, binti yangu, alikwisha kuniwekea nyimbo kwenye simu.
Nikavaa vile vidude vya masikioni,
nikasubiri uniudhi.

Hukuniudhi.

Wa kwanza unaanza na pumzi. Yako. Halafu kiti kinalia.
Halafu gitaa moja, kavu, chafu kidogo,
lenye vumbi la makaa tuliyokua nayo,
na kidole chako cha pete, kile kisichokunjika tena
(habari za mwili wako hunifikia, mji huu mdogo),
kinachelewa kufika kwenye noti,
kinachelewa kidogo tu, kama mtu mlangoni
anayesita kabla ya kubisha.
Zamani ungemwaga noti thelathini pale.
Sasa nne.
Ya nne umeishika mpaka mimi ndiye nikaishiwa pumzi.

Sisemi umekuwa mpole; ngoma bado zinaponda mawe.
Wa tatu unateremka kama treni ya makaa isiyo na breki,
wa tano, samahani, ni mbovu, maneno yake hasa.
Lakini wa saba.

Wa saba, Ryszard.
Chumba cha kufulia, ghorofa ya chini, themanini na saba,
Bi Kuczera akigonga bomba kwa upawa tunyamaze,
na mimi, besi mapajani, nikakuonyesha kipande changu cha noti sita.
"Cha kuchezesha harusi," ulisema, mbele ya wote.
Miaka mitatu baadaye nikaiuza besi, nikajifunza kuendesha tramu.
Na sasa kipande kile kile, noti sita,
katikati ya solo yako, polepole,
kimevuliwa viatu.
Kikirudi mara ya pili unakiacha nusu:
noti tatu, kisha ngoma peke yake,
nafasi tupu, upana wa mtu.

Nyumbani nikaligeuza jalada.
Kila mpigaji ametajwa, hata fundi wa nyaya.
Besi, wimbo wa saba: nukta mbili,
na mbele yake hakuna jina.

Sikukupigia. Ningesema nini?
Alfajiri ya Jumatatu, saa kumi na dakika kumi na mbili,
abiria wawili, mmoja amelala.
Tulipopita chini ya dirisha lako
nikapiga kengele mara tatu,
zile noti zilizobaki,
ingawa kengele ya tramu haina ila noti moja.
Bibi mmoja mwenye mbwa akanitukana.
Taa yako ilikuwa inawaka. Au ni ya ngazini, sijui.