Mabakuli Mawili

Oktoba hapa Pikardi matrekta yanamwaga matope barabarani,
viazi vya sukari vimelundikwa kando ya shamba
kama vichwa vilivyonyolewa kwa wembe butu,
vyeupe, mchanga umejaa masikioni.
Hakuna mtoto anayetafuna kimoja akienda shule.

Kwetu Marie-Galante muwa tuliumenya kwa meno,
maji yakachuruzika hadi kiwikoni,
nyuki wakatusindikiza mpaka mlango wa darasa.
Nilimwambia hayo mama mkwe, Ghislaine,
wiki ya kwanza, kwa majivuno ya mgeni.
Akafuta mikono kwenye aproni.
"Sukari ni sukari."

Akaleta mabakuli mawili,
akanifunga macho kwa kitambaa cha vyombo.
Nikaonja. Nikasukutua. Nikaonja tena.
Kijiko hiki na kile, utamu uleule,
utamu usio na pasipoti.
Nikabahatisha, nikakosa.
Alicheka hadi paka akatoka nje.

Rémi, ambaye hupima sukari kiwandani,
aliniambia kitandani kwamba mashine inaweza kujua:
inachoma punje, inahesabu kaboni,
inasema hii ni ya muwa, hii ya kiazi.
"Ila ulimi si mashine," akasema, akakoroma.

Nilishuka jikoni bila viatu.
Nikafunua makopo, safari hii nikatanguliza pua.
Moja halikunuka kitu.
La pili, kwa mbali sana,
gunia bichi, pishi,
buti la mtu aliyetoka shambani mvuani.
Nikajua, na hapakuwa na wa kumwamsha.

Masazo ya muwa, ile asali nyeusi,
bibi yangu aliipaka kwenye mkate.
Masazo ya kiazi hupewa ng'ombe,
na ng'ombe hawajalalamika.
Bibi alikuwa na kovu la panga kwenye muundi.
Ghislaine hawezi kupanda ngazi:
tangu ana miaka kumi na miwili
alitambaa mistari mirefu akipunguza miche,
magoti yamefungwa magunia.
Hilo hakunisimulia siku ya mabakuli.

Jana nilimpikia kastadi.
Nilichoma sukari ya kopo lake, ya kiazi,
ikatoa povu, ikafuka moshi, nusura niimwage.
Akachota kijiko, akafumba macho.
"Hii ni ya kwenu, siyo?"

Ndiyo, mama.
Ongeza.