Upande wa Pili

Sindano za gramafoni ziliadimika, duka la Jivraj likafungwa,
basi nachonga miba ya mchongoma,
naipitisha juu ya mshumaa ncha ikaze.
Mwiba mmoja hunitosha upande mmoja wa santuri.
Wa pili huanza kukwaruza kama paka mlangoni.

Baba yangu, Shekue Lali, wa mtaa wa Shela, Malindi,
aliacha pande saba.
Ningesema nane, lakini nitafika huko.

Alianzia kwenye nzumari, arusini, mashavu yamevimba,
kanzu ya kuazima ikifagia uwanja.
Vita vikamchukua hadi Kalkuta,
na huko askari mweusi wa Kimarekani,
ambaye jina lake baba hakulishika,
akampigia santuri moja kambini, usiku:
jazi ya mbio, ya kukata kona,
saksafoni inasema neno na kulikana kabla halijatua.
Baba aliuza saa, akauza viatu vya mgao,
akashuka Malindi pekupeku,
saksafoni imefungwa ndani ya koti la jeshi kama mgonjwa.
Mama alisema: wenzio wamerudi na cherehani.

Tete za dukani hazikufika kwetu.
Alikwenda Sabaki kukata matete,
akayapara kwa kigae cha chupa, akayalamba, akayatupa,
kumi yaharibike ndipo moja lilie.
Vifuniko vilivyoliwa na chumvi
alivivika upya ngozi ya mbuzi wa Idi.
Ndiyo maana, ukitega sikio, sauti ya chini kabisa
ina mbuzi ndani yake.

Hotelini wazungu walitaka kucheza wakumbatiane.
Meneja alimpelekea kikaratasi jukwaani: Polepole.
Baba alivihifadhi vikaratasi vile. Vilijaza bweta.
Hata majirani: Shekue, haraka haraka haina baraka.
Akawajibu: baraka imo humo humo ndani ya haraka,
ukijua pa kupumulia.

Mombasa, hamsini na mbili. Ghala la korosho,
mablanketi ukutani, kipaza sauti kimoja,
karani wa bandari kwenye ngoma,
Mgoa kwenye piano, na mafua yake:
upande wa saba unamsikia akipiga chafya.
Taa nyekundu ikiwaka, una dakika tatu.
Baba alikuwa na maneno ya saa nzima.
Hakuna upande unaomalizika. Wote hukatika
yeye akiwa katikati ya sentensi.

Upande wa nane kampuni iliutia tangazo,
bibi mmoja akiisifu sabuni.
Na santuri hiyo ndiyo iliyouzika,
Mambrui, Watamu, mpaka Garashi.
Ninazo nakala tatu, nimezikomboa kwa watu,
moja ilikuwa imefunikia mtungi.
Zote ni sawa: upande wa sabuni umechujuka, una mvi,
upande wa baba ni mweusi ti, unang'aa
kama siku ulipotoka kiwandani.

Nikiwa msichana jambo hili liliniliza.
Nilimwonyesha baba. Wakati huo alikuwa anapima pamba,
vidole vikicheza ubavuni mwa mizani bila yeye kujua.
Aliigeuza santuri mara mbili,
akasema tu: sabuni yenyewe ilikuwa nzuri,
mama yako aliifulia.

Jana nilikuwa na mwiba mmoja.
Nikailaza sabuni chini.
Mkwaruzo, karani wa bandari, chafya,
kisha yeye, mbio, kona, kona nyingine, mbuzi.
Na mwishoni kabisa, pale nilipodhani siku zote
kwamba santuri ina ufa,
nikasikia kwamba si ufa.
Anavuta pumzi.
Pumzi ndefu, ya mtu anayeanza.

Halafu mwiba unaingia kwenye duara tupu,
unazunguka, unazunguka.
Sikuunyanyua.